Kupima Stesheni

Shika hapo, Bwana Maritim, sufuri ya utepe,
kwenye kona, pale rangi ya maziwa ilipobambuka
ikaacha ya kijani, na chini yake nyekundu,
na chini yake mti.
Narudi kinyumenyume, utepe unalia,
hadi kona ya pili. Mita ishirini na moja, nukta nne.
Naandika.

Nyumba hii ilichorwa mahali penye theluji.
Tazama paa lilivyoinuka kwa ukali
limwage baridi nyeupe ambayo Kipkelion haijawahi kuiona.
Huku ni mvua ya mawe tu, mwezi wa nne,
mabati yakapiga kelele
hata stesheni masta asisikie simu yake.

Upenuni, lesi ya mbao:
ncha, tundu, ncha, tundu,
kila kipande kimekatwa kwa msumeno mwembamba.
Nimehesabu mia moja themanini na sita. Kumi na tatu havipo.
Kimoja hakifanani na wenzake, tundu lake ni jani.
Fundi aliyechoka, au fundi aliyekataa?
Sina alama ya hilo kwenye mchoro.

Nguzo nane za chuma cha kusubu
zilikuja melini na namba zake tumboni.
Ya tano imesimikwa mahali pa sita.
Paa halijalalamika.

Maritim hasemi mengi.
Amefagia jukwaa hili miaka ishirini na minane,
na tangu treni ya abiria ikome
anafagia vilevile,
majani ya mkaratusi yasije yakadhani yameshinda.

Tunafika kwenye madirisha ya tiketi.
La ndani, la daraja la kwanza: upinde wa msaji,
vitasa vya shaba, kizingiti mita moja na robo.
La nje, la daraja la tatu, limetazamana na mvua.
Sentimita themanini na tisa.
Napima tena.
Themanini na tisa.
"Utepe haujakosea," anasema,
anaingia ndani, anasukuma kibao.
Naona mkono tu, na kifungo cha shati.
"Haya, omba tiketi. Ya Muhoroni."

Ili nimwone uso, ikanibidi niiname.
Ukingo una mabonde mawili, laini mno,
viwiko vyangu vikaingia bila kutafuta.
"Mama yangu, Taprandich," sauti ikatoka gizani,
"alikuwa akiinama kupita mlango wetu kwa urefu.
Mlango ule aliujenga baba, akauomba radhi.
Hapa hakuna aliyemwomba radhi."

Narudi kwenye ubao wangu.
Kizingiti: 890.
Ndivyo ofisi inavyotaka, kwa milimita,
bila mgongo wa mtu.

Pembe hadi pembe, napima chumba cha kungojea.
Mistari haikubaliani:
nyumba imeegemea bondeni upana wa kidole gumba,
upande wa reli, kama inatega sikio.

"Benchi utalichora?"
Benchi lipi? Ukuta ni mtupu.
Ananionyesha kwa ncha ya kiatu
misumari minne iliyokatwa usawa wa sakafu.
Baba yake alikuwa mtu wa pointi;
hapo alilala akingoja gari la mizigo la saa nane za usiku,
buti miguuni, taa ya kijani kifuani
isije ikazimwa na upepo wa mlangoni.

Tunayo kanuni, sisi wachoraji.
Ukuta uliokatwa na macho yetu, mstari mzito.
Kilicho juu ya kichwa, au kilichoondolewa,
nukta.

Nikalichora: nukta, nafasi, nukta,
kutoka msumari hadi msumari.
Maritim akachungulia begani mwangu,
ufagio kwapani, akakaa kimya kitambo.
"Refusha kidogo," akasema.
"Alikuwa na miguu mirefu."